Tabibu wa Mbali kwa Askari Mzee

Nchini Marekani, ambako takriban robo ya askari wastaafu huishi mashambani, mzee aliyepigana Vietnam, na ambaye leo saratani imemdhoofisha hata kuketi garini ni adhabu, aghalabu hulazimika kusafiri saa kadhaa ili amwone tabibu wa tiba shufaa, yaani ile tiba isiyodai kuponya bali kutuliza maumivu na kuifariji nafsi. Mwaka 2018 Wizara ya Maveterani ilitoa kanuni iliyowaruhusu matabibu wake kumhudumia mgonjwa kwa njia ya video popote alipo, pasipo kujali mipaka ya majimbo. Na baadhi ya wasio na chombo huazimwa kishikwambi.

Ni ihsani kubwa, sikatai. Mzee hujieleza akiwa kitandani mwake, mkewe ubavuni, na daktari huziona ngazi zinazomtaabisha na chupa za dawa zilizosahauliwa juu ya kabati, mambo ambayo hospitalini yasingalidhihirika.

Walakini kioo hakimgeuzi mgonjwa ubavu, wala hakifungi kidonda. Kazi hiyo humwangukia muuguzi wa karibu, au mke ambaye naye ni mzee. Na kwingineko mashambani intaneti si ya kutegemewa, ndipo simu ya kawaida, sauti tupu, hubakia kuwa wasila wa pekee. Kwa rai yangu, serikali iliyoweza kumpeleka kijana vitani ng'ambo ya bahari haina udhuru wa kushindwa kumfikishia waya nyumbani kwake uzeeni.