JINA NDANI YA KOLA

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita niliitwa nyumbani Bonga kwa shauri la familia. Ukitoka Dodoma kwa njia ya Kondoa unaifikia Bonga kabla hujaingia Babati mjini, na tangu barabara ya lami ilipozinduliwa mwaka 2018 safari hiyo si adhabu tena. Abiria anashuka shati lake likiwa na rangi ileile lililokuwa nayo alipopanda. Nalitaja shati kwa makusudi, maana shauri nililoitiwa lilikuwa la nguo.

Kaka yangu ana binti wa miaka 20. Alimaliza kidato cha nne, alama zake za sayansi zikatosha kuombea chuo cha uuguzi, na baba yake akauza ng'ombe wawili ili ada ipatikane. Binti hakukataa kwa maneno. Alichofanya ni kuuza mbaazi za shamba alilokodi, akanunua cherehani ya kukanyaga iliyokwisha tumika, akaiweka barazani kwa shangazi yake na kuanza kushona. Fomu za chuo zikalala kabatini mpaka muda wake ukapita. Kaka alipogundua, hakupiga kelele. Aliacha kula nyumbani siku tatu, jambo ambalo kwa tabia yake ni kelele kubwa zaidi.

Basi nikaitwa mimi, baba mdogo anayekaa Dar es Salaam, nikaseme na mtoto. Kaka alitoa hoja kwamba mtu anayesikilizwa redioni na nchi nzima hawezi kushindwa kusikilizwa na binti mmoja. Alisahau kwamba redio haijibiwi.

Nilimkuta barazani, futi kamba shingoni, anapinda pindo la gauni la kitenge. Tukaamkiana, nikapewa kigoda. Ukutani, juu ya cherehani, alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti uliokwisha kufifia, wenye picha ya mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali akiwa na wanamitindo waliovaa magauni marefu. Nikamwuliza kwa nini amembandika huyu, asibandike mwanamuziki au mchezaji wa mpira kama wenzake wa rika lake.

"Huyu alisomea udaktari, baba mdogo," akanijibu bila kuinua macho. "Akachagua nguo."

Nikaelewa kwamba ukurasa ule ulibandikwa pale ili baba yake auone kila anapopita.

Kwa wale wasiomfahamu, niseme machache. Mustafa Hassanali ni daktari wa binadamu kwa elimu yake. Alianza kubuni mavazi mwaka 1998, na inafaa tukumbuke miaka hiyo ilikuwaje. Mashindano ya urembo, yaliyopigwa marufuku nchini baada ya 1967, yalikuwa yamerudi 1994 tu. Televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam miaka hiyohiyo, na ile ya serikali kwa upande wa Bara ilikuwa bado haijazaliwa. Mtu aliyesema kazi yake ni kubuni mavazi aliulizwa: yaani wewe ni fundi cherehani? Na duka lako liko mtaa gani? Pamba tulikuwa tunalima wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa kinafuma tangu 1968. Mafundi walikuwa kila baraza, kuanzia Kariakoo hadi Bonga. Aliyekosekana ni mtu wa katikati, yule anayekaa na kufikiri vazi litakuwaje kabla mkasi haujagusa kitambaa, na ambaye mteja anamfuata yeye kwa jina lake.

Magauni yake yamekwisha onyeshwa katika nchi nyingi, na wanaojua mambo hayo wanaweza kuyachambua kuliko mimi, ambaye kwa miaka mingi nimevaa suruali za rangi moja. Ninachomheshimu nacho ni jambo jingine. Mwaka 2008 alianzisha Swahili Fashion Week, maonyesho ya mavazi yaliyofanyika Dar es Salaam na kuwaita wabunifu wa nchi zetu zinazozungumza Kiswahili. Hebu litazame jambo hilo kwa jicho la mfanyabiashara. Mtu ambaye jina lake limekwisha julikana anawajengea jukwaa washindani wake! Tena akaweka na shindano la wabunifu chipukizi, ili kijana ambaye hajulikani hata mtaa wa pili atajwe kwa kipaza sauti, na nguo zake zipite mbele ya watu wenye fedha na mbele ya kamera. Nguo inapita, jina la aliyeibuni limekwisha tangulia.

Nairobi nako yupo Ann McCreath, mama wa Kiskoti aliyeanzisha nyumba ya mavazi mwaka 1996 akaiita KikoRomeo. Wazungu wakilisoma wanadhani ni Kiitaliano. Sisi tunacheka na kugusa koo. Kazi hiyo sasa imeendelezwa na binti yake, Iona. Nalitaja hili kwa sababu kaka yangu alidai kwamba cherehani haijapata kurithishwa na mtu ikawa mali.

Sasa nirudi barazani. Binti alinionyesha gauni lililokwisha, akalipindua kola. Ndani yake kulikuwa na kipande cha utepe mweupe, urefu wa kidole, na juu yake jina lake lililodariziwa kwa uzi mwekundu, na chini ya jina neno moja: Bonga. Kila nguo anayoshona anaitia utepe ule. Jioni anadarizi tepe kumi, kwa taa ya sola.

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, lilikuwa limechukua kwake magauni kumi na mawili ya kuuza. Wiki iliyofuata alipita dukani hapo akayaona yametundikwa. Akageuza kola ya la kwanza: utepe haupo. La pili, haupo. Yote kumi na mawili yalikuwa yamefumuliwa kwa wembe, na katika magauni matatu wembe ulikuwa umekata na kitambaa. Mwenye duka alimweleza kwa upole kabisa kwamba wateja wakiona nguo imeshonwa Bonga wanataka bei ya Bonga, lakini isipokuwa na jina wanadhani imetoka Dar es Salaam au Nairobi. Fedha zake alimlipa zote. Binti anasema siku ile ndiyo alilia, wala si siku baba yake alipoacha kula.

Ndugu msikilizaji, mnaweza kuniuliza utepe wa urefu wa kidole una thamani gani. Katikati ya karne ya 19 kijana Mwingereza aitwaye Charles Frederick Worth, aliyejifunza kazi kwenye maduka ya vitambaa London, alihamia Paris, na mwaka 1858 akafungua nyumba ya mavazi pamoja na mwenzake. Mpaka wakati huo bibi tajiri alimwita fundi nyumbani, akamwamuru cha kushona, na sifa zikawa za bibi. Worth aligeuza utaratibu huo. Bibi alikuja kwake, akachagua katika yale aliyobuni yeye, na ndani ya vazi kukashonwa utepe wenye jina la nyumba yake. Mke wa mfalme wa Ufaransa, Eugénie, alivaa nguo zake. Majina yote ya wabunifu tunayoyaona leo kwenye mashati ya mitumba yamepita katika njia aliyoifungua yule.

Huku kwetu nako jina limekuwamo ndani ya nguo kwa muda mrefu, ila tazama ni la nani. Mama zetu wanaijua kanga ya Mombasa yenye maandishi "Mali ya Abdulla". Huyo ni mfanyabiashara, na ninampa heshima yake, maana kanga zake zilikuwa hazichuji. Lakini yule aliyekaa chini akachora pindo, na mji, na lile korosho linalojirudia, ni nani? Na tuje karibu zaidi na Bonga. Katika makumbusho ya Ulaya na Marekani zimo sketi za ngozi za wanawake wa Kiiraqw, zilizotiwa shanga moja moja kwa mkono, kazi ya miezi na miezi. Kibandiko kinataja kabila, na pengine kinataja Mzungu aliyeipeleka. Mwanamke aliyeishona hatajwi. Wajukuu zake huenda wanalima mahindi Babati sasa hivi ninavyozungumza.

Usiku tulikaa na kaka. Naye hakuwa mtu wa kusukumwa pembeni, na haki yake lazima niiseme hapa hewani. Aliniuliza: "Huyo daktari wako, nguo zingemshinda, si angerudi kwenye udaktari? Mwanangu zikimshinda atarudi wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na mfano wangu mzuri, kumbe mfano wenyewe una mlango wa nyuma ambao binti wa Bonga hana. Aliyesoma kwanza na kuchagua baadaye amechagua akiwa na cheti mkononi. Huyu wetu ana cherehani moja na mbaazi.

Akaendelea: "Mnadani shati la mtumba ni elfu tatu. Kitambaa peke yake ni elfu nane, bado kushona. Nani atamfuata?" Hili nalo ni kweli tupu, na si Bonga tu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hadi iishe ifikapo 2019. Marekani ikaanza kuangalia upya nafasi yetu ya kuingiza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda peke yake ikashikilia, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Kama serikali zilishindana na mtumba zikarudi nyuma, kaka yangu ana sababu ya kumwogopea mtoto wake.

Nilichoweza kumwambia ni kidogo. Nilimwambia mtumba hauwezi kumshonea bibi harusi na wasimamizi wake nguo za mfano mmoja, wala hauwezi kumpima mama mnene wa kwaya. Nikamwambia pia kwamba binti anajua kushona lakini hajui kukata vizuri; mikono ya magauni yake inavuta kwapani, nimeiona kwa macho yangu, na hata yeye anakiri. Kipaji hakiondoi kasoro hiyo. Kinachoiondoa ni mwalimu. Fedha ya ng'ombe wawili bado ipo. Kwa nini isimlipie mafunzo ya VETA, akatoka na cheti cha ushonaji, halafu akikwama awe na kitu cha kuonyesha mahali pa kuombea kazi? Huo utakuwa mlango wake wa nyuma, mwembamba kidogo, lakini mlango.

Kaka alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema fedha ile aliitoa kwa ajili ya muuguzi, na kwamba atafikiri mpaka mbaazi zivunwe. Shemeji yangu, ambaye hakusema neno usiku kucha, akauliza kama kuna mtu aliyemwuliza binti mwenyewe anaionaje VETA. Hatukuwa tumemwuliza. Tukamwita, akiwa amekwisha lala, akaja amejifunga kanga, akasema ataenda hata kesho, ilimradi cherehani yake isiuzwe akiwa chuoni.

Jumamosi yule mwenye duka alikuja Bonga kwa pikipiki. Magauni yote kumi na mawili yalikuwa yamekwisha, anataka mengine ishirini kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimekaa palepale kigodani, sikuingilia. Binti alimwambia ishirini yatapatikana, bei ileile, lakini kwa sharti kwamba utepe hautafumuliwa, na ukifumuliwa gauni moja tu hatapata jingine. Mwenye duka akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona cherehani imeanza tena kukanyagwa akasema ataenda kufikiri.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na koti lake la kanisani ambalo bitana imechanika, akaliweka juu ya meza ya cherehani, akaenda zake kuangalia ng'ombe.

Mwenye duka, hadi napanda basi Jumapili asubuhi, alikuwa hajarudi.