Anachokwenda Kusoma Morogoro Mtoto wa Mkulima

Maelezo kwa wazazi na wanafunzi wa Kata ya Mlowo kuhusu masomo ya shahada ya kilimo



Lipo swali linaloulizwa katika nyumba nyingi kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Mtoto aliyeshika jembe tangu akiwa darasa la pili, aliyechuma kahawa, kupukuchua mahindi na kupepeta maharage, anaomba kwenda chuo kikuu kusomea kilimo. Mzazi anajiuliza: akajifunze nini huko ambacho hakukiona hapa? Wapo wanaosema wazi kwamba jembe halihitaji shahada. Swali hilo si la dharau. Anayeuliza ndiye atakayeuza magunia au kukodisha ekari ili ipatikane nauli, godoro na fedha ya kuanzia, na anastahili jibu kamili.

Chuo kinachotajwa zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilicho chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro. Mafunzo yalianza pale mwaka 1965 kwa ngazi ya stashahada. Mwaka 1969 pakawa kitivo cha kilimo cha chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro mwezi Aprili mwaka huohuo. Siku hizi kina kampasi pia mkoani Katavi, jirani na ukanda huu.

Mwaka wa kwanza huwavunja moyo wengi. Kijana hupiga simu nyumbani akisema anasoma kemia, hesabu, takwimu na muundo wa mimea, na mzazi hushangaa kwamba shamba halijatajwa. Lakini hapo ndipo msingi unapowekwa. Mbolea ni kemia. Mbegu ni elimu ya urithi. Dawa ya wadudu ni sumu yenye kipimo, na anayeichanganya bila kujua hesabu hujidhuru yeye na wale watakaokula mazao.

Mfano wa udongo unaeleweka upesi zaidi kwa mkulima wa Mlowo. Mahindi machanga yakigeuka rangi ya zambarau, jirani mmoja atasema ni baridi, mwingine atasema ni mbegu mbaya, wa tatu atashauri aongezwe Urea. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa kwamba rangi hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa fosforasi, lakini pia kwamba baridi, au mizizi iliyoumia, huleta rangi ileile. Majani ya chini yakianza kuwa manjano kuanzia nchani na kushuka kwenye uti wa jani, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Yakiungua kingoni, potasiamu ndiyo inayoshukiwa. Dalili moja inaweza kuwa na sababu tatu, na kila sababu ina gharama yake. Kazi kubwa ya shahada hii ni kumzoeza kijana kutenganisha sababu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hata fosforasi yenyewe ina fumbo. Katika maeneo ya mvua nyingi, udongo huelekea kuwa na uchachu. Uchachu ukizidi, madini ya chuma na alumini huishika fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati, hata kama mkulima ameinunua na kuifukia mwenyewe. Baadhi ya mbolea za nitrojeni, zikitumiwa mwaka baada ya mwaka, huongeza uchachu huo. Basi mkulima anaweza kuongeza mifuko kila msimu na kuvuna kilekile, au pungufu, huku akilaumu kiwanda, ilhali shamba lilihitaji chokaa ya kilimo na samadi. Hilo halionekani kwa macho, wala kwa uzoefu wa miaka arobaini. Huonekana kwa kipimo.

Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa hata namna ya kuchukua udongo wa kupima, jambo linaloonekana dogo. Huchukua kutoka sehemu kama 15 hadi 20 za shamba, akitembea kwa kupinda kulia na kushoto, kwa kina cha sentimita 20 hivi. Hukwepa vichuguu, mahali palipolundikwa samadi na kando ya njia, kisha huchanganya vizuri na kutoa sehemu ndogo ya kupeleka maabara. Anayechota koleo moja karibu na nyumba amepima ua wake. Mwanafunzi hufundishwa pia hesabu ya mfuko: Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. DAP ya kupandia ina asilimia 18, hivyo mfuko kama huo una kilo 9 tu, ila umebeba fosforasi nyingi. Mkulima anayelinganisha mifuko kwa bei peke yake hajui anacholipia.

Somo jingine, ambalo wanafunzi wengi hulichukia na ambalo pengine ndilo lenye manufaa kuliko yote, ni la majaribio ya shamba. Mizizi yake iko katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, ambako mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919. Tatizo alilolishughulikia linafahamika kwa kila mkulima: shamba halifanani. Upande wa bondeni una unyevu, upande wa juu una kokoto, na pale lilipokuwa zizi mahindi hustawi bila kupandiwa chochote. Mbegu mpya ikipandwa bondeni na ya zamani ikapandwa juu, mbegu mpya itashinda, lakini mshindi wa kweli ni bonde. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kugawa shamba vipande vingi, kupanga mbegu kwa kura, kurudia kila mbegu mara kadhaa, na kuacha vipande visivyowekewa kitu ili kuwe na cha kulinganisha. Aliyesoma hivyo hawezi kushawishika na shamba moja zuri la maonyesho lililo kando ya barabara kuu. Atauliza: zilirudiwa mara ngapi, na za kulinganisha ziko wapi? Laiti swali hilo lingeulizwa mara nyingi zaidi madukani kila Novemba.

Katika magonjwa na uzalishaji wa mbegu, wilaya ya Mbozi ina kielelezo chake. Kituo cha Mbimba ni tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao makuu Lyamungu mkoani Kilimanjaro. Taasisi hiyo imetoa aina za kahawa ya arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wakulima wengi huuliza kwa nini miche ya aina hizo hukuzwa kwa vikonyo badala ya kuoteshwa kwa mbegu. Jibu limo katika somo la urithi: mbegu ya mche chotara haifuati mzazi wake kikamilifu, na baadhi ya watoto hupoteza ule ukinzani uliotafutwa kwa miaka mingi. Kanuni hiyohiyo ndiyo humfanya anayehifadhi mahindi chotara ya mwaka jana kuwa mbegu aone shamba limekuwa na mabua marefu na mafupi, na mavuno yameshuka.

Wadudu nao hufundishwa kwa undani. Kiwavijeshi vamizi alipoingia Tanzania mwaka 2017, wengi walinyunyizia dawa kali wakati kiwavi amekwisha kukomaa na kujificha katikati ya majani yanayochipua, mahali ambapo dawa haimfikii. Anayejua maisha ya mdudu hukagua shamba mapema, hushughulika naye akiwa mdogo, na huokoa fedha.

Kisha kuna yanayotokea baada ya kuvuna, na hapa biashara ya Mlowo yenyewe inahusika, kwa kuwa mji huu unaishi kwa mahindi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikitaja sumu hiyohiyo. Mwanafunzi hujifunza fangasi wanaoitengeneza, kwa nini mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu yako hatarini, kwa nini unyevu wa punje unapaswa kushuka hadi asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhi, na kwa nini kupika hakuiondoi sumu. Kwa mfanyabiashara wa nafaka, elimu hii ina maana ya lori kupita mpakani au kurudishwa.

Mifugo, umwagiliaji, uchumi wa kilimo na ugani navyo vimo, kwa uzito unaotofautiana kulingana na shahada iliyochaguliwa. Wakati wa likizo mwanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika halmashauri, kituo cha utafiti au shamba kubwa, na mwaka wa mwisho hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti. Kijana akija na daftari kuuliza mkulima hupanda lini na kwa nafasi gani, asichekwe. Hapo yumo darasani, na mkulima ndiye mwalimu.

Yapo pia ambayo shahada haitoi, na ni haki yasemwe. Haitoi mtaji. Haipangi bei ya mahindi. Haihakikishi ajira serikalini, kwa kuwa nafasi za maafisa ugani hutangazwa na kushindaniwa na wengi. Mhitimu anaweza kufanya kazi katika makampuni ya mbegu na pembejeo, vyama vya ushirika, maabara au shamba lake mwenyewe, lakini mzazi anayetarajia barua ya ajira siku ya mahafali huenda akasubiri. Kwa familia ambayo gharama ya chuo kikuu ni mzigo mzito, stashahada ya kilimo katika chuo cha Uyole, Mbeya, iko karibu zaidi, na waliofaulu vizuri huweza kujiendeleza hadi shahada baadaye.

Kwa aliye kidato cha nne sasa, uamuzi huanza na michepuo. Shahada nyingi za kilimo huhitaji ufaulu mzuri wa kidato cha sita katika Baiolojia na Kemia, hivyo waombaji wengi hutoka michepuo ya CBG, PCB na CBA. Uchumi wa kilimo hupokea pia waliosoma Uchumi na Hisabati. Sifa kamili za kila kozi huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo kwa utaratibu wake, mbali na maombi ya chuo. Anayeomba chuo na kusahau mkopo hujikuta na nafasi asiyoweza kuilipia. Vyeti vya kuzaliwa vya mwombaji, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, vihakikiwe mapema, kwa kuwa huko ndiko maombi mengi hukwama.