JE, TUFUGE JOGOO AU TUMUUZE?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfugaji mmoja katika mkutano wa vikundi vya akina mama wafugaji wa kuku wa kienyeji)

Nimeombwa nizungumze juu ya jogoo. Najua wengine mnacheka, lakini jogoo alinigharimu ada ya shule ya mtoto. Ngoja niwaeleze.

Nilikuwa na matetea wanane na jogoo mmoja. Ilipofika Krismasi bei ya jogoo ikawa nzuri, nikamuuza. Nilijiambia: anayetaga ni tetea, huyu anakula bure tu. Kweli, matetea waliendelea kutaga kama kawaida. Mwishoni mwa Januari nikamwekea tetea mmoja mayai kumi na mawili, akaatamia siku 21. Hakikutoka hata kifaranga kimoja. Yote yalikuwa viza. Nilitegemea kuku hao niwauze katikati ya mwaka nilipe ada. Nikaenda kukopa.

Kosa langu lilikuwa nini? Tetea hahitaji jogoo ili atage. Anamhitaji ili yai liwe na mbegu. Jogoo akiondoka, mbegu yake hubaki ndani ya tetea kwa wiki moja hadi mbili hivi, kisha huisha. Mayai niliyoatamiza yalitagwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya jogoo kuondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, jiulize maswali matatu.

Kwanza, unataka nini? Kama unataka mayai ya kula na kuuza tu, huna haja ya jogoo. Lishe ya yai ni ile ile, na yai lisilo na mbegu haliwezi kuanza kuota kiinitete wakati wa joto. Lakini kama unataka vifaranga, lazima mbegu ipatikane.

Pili, unaweza kumlisha? Kuku mkubwa hula kama gramu 100 za chakula kwa siku, yaani kilo tatu kwa mwezi. Akitembea huru atajitafutia sehemu yake. Akifungiwa bandani, gharama yote ni yako. Jogoo mmoja anatosha matetea kumi. Ukiwa na wawili kwa matetea wachache, watapigana, na matetea watanyonyoka manyoya mgongoni kwa kupandwa mno.

Tatu, unaishi na nani? Kijijini jogoo ni saa ya wote, tena hupiga kelele akimwona mwewe. Lakini mjini, kwenye nyumba za kupanga, jirani anayetoka kazini usiku hawezi kufurahia kuamshwa saa kumi alfajiri. Ongea naye kabla hajaja kugonga mlango kwa hasira.

Kuna njia ya katikati. Mimi na jirani yangu sasa tuna jogoo mmoja. Yeye ndiye anayemfuga kwa sababu ana uwanja, mimi nachangia pumba. Nikitaka kuatamiza, jogoo anakuja kwangu wiki mbili. Nakusanya mayai ya wiki ya pili, kisha anarudi. Tahadhari ni moja: kuku anayehama huweza kuhama na ugonjwa. Kuku wa pande zote mbili wawe wamechanjwa mdondo, na chanjo ile ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu. Kukiwa na kuku anayeumwa upande wowote, jogoo asitoke.

Jambo la mwisho. Tukipata mgeni au shida, tunachinja au kuuza jogoo mkubwa kuliko wote, tunabaki na kale kadogo kasikopata mnunuzi. Halafu tunalalamika kwamba kuku wetu wanazidi kuwa wadogo! Mzuri abaki awe mbegu. Naye asikae mpaka akawapanda binti zake. Baada ya mwaka mmoja badilishaneni na mfugaji wa mbali kidogo.

Na kila unapoatamiza, siku ya saba mulika mayai kwa tochi gizani. Yenye mishipa ya damu yana uhai. Yaliyo meupe yaondoe. Mimi ningefanya hivyo, ningejua baada ya wiki moja badala ya tatu, nikatafuta jogoo mapema.

Basi, usimfuge jogoo kwa mazoea, wala usimuuze kwa tamaa ya sikukuu. Piga hesabu kwanza.