Wazee Wetu na Maradhi ya Kusahau



 Nimetakiwa niseme juu ya watu wanaochunguza maradhi ya kusahau yanayowapata wazee. Yanipasa nianze kwa kukiri kosa langu.

Bibi yangu mzaa mama aliuza ndagala hapa mwaloni miaka mingi, na uaminifu wake ulijulikana mpaka Rumonge. Alipokuwa mtu mzima sana, akaanza kudai madeni yaliyokwisha lipwa, na kumwulizia mumewe aliyekwisha zikwa. Mimi nikamkemea mbele ya watu. Jirani mmoja akamwita dhalimu. Mwingine akanong'ona kuwa ni mchawi. Hapana hata mmoja wetu aliyesema, "Huyu ni mgonjwa." Amefariki, nami sikuwahi kumwomba radhi.

Ndiyo maana naiheshimu kazi iliyofanywa katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, Tanzania. Huko, mwaka 2010, madaktari wa nchi hiyo na wenzao wa Newcastle, Uingereza, pamoja na wasaidizi waliofunzwa kuhoji, waliwapima wazee 1,198 waliotimiza miaka 70 au zaidi. Hawakumwuliza mzee peke yake. Waliwauliza na jamaa anaokaa nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa katika kila wazee 100, yapata 6 walikuwa na maradhi hayo.

Lakini walikabiliwa na shida. Vipimo vingi vilivyotoka nchi za Magharibi vilitaka mtu ajue kusoma na kuandika, na mzee mwenye akili timamu asiyepata kuingia shule angeweza kuhesabiwa mgonjwa. Basi wakatunga kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa leo ni siku gani. Hutakiwa ataje wanyama awajuao kwa muda wa dakika moja. Hutakiwa ayakumbuke maneno aliyokwisha ambiwa. Kisha hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Tazameni, ndugu zangu, heshima iliyomo katika njiti hizo: mzee hupimwa kwa yale ayajuayo, haaibishwi kwa yale asiyofundishwa.

Dawa ya kuyaponya maradhi haya haijapatikana. Hata hivyo, katika wilaya hiyo hiyo wagonjwa walikusanywa kwa vikundi, mikutano 14 kwa majuma 7, wakizungumza na kuzizoeza akili zao. Na habari iliyochapishwa mwaka 2017 yasema kuwa walipata nafuu. Mazungumzo hayanunuliwi. Hata sisi tunayo.

Basi tufanye nini hapa Kabezi? Kwanza, mzee akianza kupotewa na mambo, apelekwe kwa mganga wa hospitali mapema, kwani kuna kusahau kunakoletwa na homa, au na dawa anazotumia, nako huweza kuondoka. Pili, tusibishane naye wala tusimcheke, na asiachwe peke yake karibu na ziwa wala barabarani. Tatu, madeni yake yaandikwe mbele ya mashahidi. Kurani imekwisha tuagiza kwamba aliye dhaifu, asiyeweza kuandikisha deni lake, walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Nayo imetutajia umri ule duni ambao mtu hurudishwa, akawa hajui tena alichokuwa akikijua. Aliyeambiwa hayo hana udhuru wa kumwita mama yake mchawi.

Wale wachunguzi wa Hai waliwauliza wazee na jamaa zao. Sisi tuliolelewa na wazee wetu, je, tutashindwa?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atusamehe tuliyowakosea. Wabillahi tawfiki. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.