Uaminifu Usioishia Kwenye Faili: Kufuatilia Mwenendo wa Watumishi katika Maabara za Vimelea Hatari



1. Utangulizi

Njia ya kuingia katika utumishi tunaijua sote. Unawasilisha vyeti, unataja wadhamini, unafanyiwa upekuzi, unakula kiapo, unakaa muda wa majaribio, kisha inakuja barua ya kukuthibitisha kazini. Kuanzia siku hiyo faili lako linaingia kabatini, na hutolewa tena unapopandishwa daraja au unapostaafu.

Mtunza fedha hana raha hiyo. Wakaguzi humrudia kila mwaka, wakahesabu sanduku mbele yake, na yeye haoni kuwa ametukanwa. Je, aliyekabidhiwa ufunguo wa friza yenye bakteria wa kimeta au tauni, nani humrudia?

Hoja ya mada hii ni kwamba uaminifu wa mtumishi wa maabara uangaliwe katika taratibu za kila siku, na taratibu hizo zipangwe hivi kwamba pasiwe na mtu anayelazimika kumtuhumu mwenzake ili swali liulizwe. Nitaanza na matukio matatu ya Marekani, kwa kuwa yalichunguzwa kwa kina na kumbukumbu zake ziko wazi. Mojawapo linafika hadi Tanzania.

2. Fort Detrick: taarifa zilikuwapo, mwenye kuzikusanya hakuwapo

Septemba na Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, barua zenye unga wa spora za kimeta zilitumwa kwa vyombo vya habari na kwa maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu 5 walifariki na wengine 17 wakaugua. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo wafanyakazi wawili wa posta mjini Washington, watu ambao barua zilipita tu mikononi mwao.

Mwanzoni wengi walimtafuta adui wa nje. Uchunguzi wa vinasaba uliwarudisha wapelelezi nyumbani, kwenye taasisi ya Jeshi la Marekani ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, USAMRIID, iliyoko Fort Detrick, Maryland. Huko kulikuwa na chupa ya spora za kimeta iliyosajiliwa kwa namba RMR-1029, ambayo wapelelezi waliihusisha na barua zile. Mtunzaji wake alikuwa Bruce Ivins, mtaalamu wa mikrobiolojia aliyefanya kazi katika taasisi hiyo tangu mwaka 1980 na kujijengea jina katika utafiti wa chanjo ya kimeta. Mwaka 2003 alipewa nishani ya juu kabisa ambayo jeshi humpa mtumishi wa kiraia. Julai 2008, mashtaka yakiwa yanaandaliwa, alijiua. Wizara ya Sheria ilitangaza kwamba yeye peke yake ndiye mhusika, na mwaka 2010 ikafunga jalada. Hakuwahi kusimama mahakamani. Mwaka 2011 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti lilieleza kuwa ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kuthibitisha spora zile zilitoka wapi. Semina hii haina mamlaka ya kumhukumu, nasi tusijaribu.

Kinachotuhusu ni yale yaliyojulikana kabla na mara baada ya barua zile. Mwaka 2000 Ivins alimwandikia mwenzake barua pepe akieleza mawazo yaliyomtisha yeye mwenyewe. Alikuwa akitibiwa afya ya akili. Kumbukumbu za mlango zilionyesha kuwa saa zake za usiku na za mwisho wa wiki katika maabara ziliongezeka sana siku za kabla ya barua kutumwa. Desemba 2001 aligundua uchafuzi wa spora katika eneo la ofisi yake, akalisafisha bila kumwarifu yeyote, na jambo hilo likajulikana baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa tabia lililopewa nafasi ya kusoma kumbukumbu zake za matibabu lilihitimisha kwamba historia yake ilitosha kumzuia asikaribie vimelea vile, na kwamba jeshi lilikuwa na njia ya kuijua lakini halikuifuatilia.

Mwenzake alijua jambo moja, mganga wake la pili, mashine ya mlangoni la tatu na mkubwa wake wa kazi la nne. Hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kuyaweka mezani yote manne. Ndiyo maana siamini kwamba dawa yake ilikuwa kumpekua kwa ukali zaidi siku ya kumwajiri, kwani mwaka 1980 mengi ya hayo yalikuwa bado hayajatokea.

Kuna funzo la pili pale pale. Februari 2009 USAMRIID ilisimamisha sehemu kubwa ya utafiti wake ili ihesabu upya kila kilichokuwa kwenye majokofu na friza. Vikapatikana vichupa zaidi ya 9,000 ambavyo havikuwamo katika rejista, vingi vikiwa vimeachwa na watafiti waliokwisha kuondoka. Taasisi isiyojua ina nini haiwezi kujua imeibiwa nini, na haina namna ya kupima uaminifu wa watumishi wake.

3. Dallas: friza ya hospitali ya kawaida

Atakayesema kwamba hayo ni ya majeshi na silaha, nampeleka Dallas, Texas. Oktoba 1996, katika maabara ya hospitali moja, watumishi walipata ujumbe wa kompyuta ukiwakaribisha kula keki na donati katika chumba cha mapumziko. Watumishi 12 waliokula waliugua vibaya ugonjwa wa kuhara damu. Aina ile ya Shigella, bakteria wanaoleta ugonjwa huo, ilikuwa adimu Marekani, lakini friza ya maabara yenyewe ilikuwa nayo, na vipimo vilionyesha kwamba bakteria waliokutwa kwa wagonjwa walifanana na wale wa friza. Fundi mmoja wa maabara hiyo alishtakiwa na kufungwa.

Hapakuwa na Ebola wala mlango wa chuma. Palikuwa na akiba ya bakteria wa kufanyia ulinganisho wa vipimo, kama ile iliyomo katika maabara nyingi za mikoa na rufaa tunazosimamia sisi.

4. Lubbock na Tanzania: sifa ya mtu na karatasi za mzigo

Tukio la tatu linahusu tauni. Thomas Butler wa Chuo Kikuu cha Texas Tech mjini Lubbock alikuwa bingwa wa ugonjwa huo, na alishirikiana na wataalamu wa Tanzania katika utafiti wa kulinganisha dawa za kuutibu. Januari 2003 aliripoti kwamba vichupa 30 vya bakteria wa tauni havionekani. FBI ikafika kwa kishindo, na baadaye yeye akatia saini maelezo kwamba vilikuwa vimeteketezwa. Kesi ilipokwisha mwaka huo, baraza la mahakama lilimwachia katika shtaka la kuwadanganya wapelelezi na katika mashtaka ya kuingiza sampuli nchini kimagendo. Lilimwona na hatia ya makosa mengi yanayohusu fedha za mikataba ya utafiti, na makosa matatu yanayohusu kusafirisha sampuli za tauni kwenda Tanzania bila kibali na bila kueleza ipasavyo kilichomo. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Wanasayansi mashuhuri walimtetea wakisema ameonewa, na utafiti wenyewe uliwasaidia wagonjwa, kwani ulithibitisha kuwa dawa zinazopatikana kwa urahisi hutibu tauni. Hata hivyo mzigo wa tauni ulivuka mipaka kwa kutegemea jina la mtu. Kwetu tunaopokea washirika kutoka nje hilo ni onyo, maana mgeni mwenye shahada nyingi na fedha za mradi ndiye ambaye aghalabu haulizwi kitu.

5. Hali yetu

Maabara za Afrika Mashariki zinatofautiana na Fort Detrick kwa jambo la msingi. Kule kimeta hukuzwa kwa ajili ya utafiti. Kwetu kinatujia chenyewe: mizoga ya wanyamapori na mifugo huleta kimeta, Lushoto na Mbulu zina historia ndefu ya tauni, na Kagera ilipata Marburg mwaka 2023, watu 9 wakaugua na 6 wakafariki. Kwa hiyo maabara ya uchunguzi inaweza kuwa na kimelea cha hatari kubwa bila kukitafuta, ndani ya sampuli iliyoletwa na gari la wilaya.

Hilo lina matokeo mawili. Kwanza, wakati wa mlipuko sampuli huwa nyingi kuliko wakati wowote, na huo ndio wakati tunaochukua watumishi wa muda, madereva wa kukodi na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo bila kuwapekua. Mlipuko ukiisha watu wanatawanyika, sampuli zinabaki. Pili, sehemu ya watumishi wetu wanalipwa na miradi. Mradi ukifungwa, fundi anarudi nyumbani akiwa na madai yake ya mshahara, na pengine kadi yake ya mlango bado mfukoni.

Lakini kikwazo kikubwa ni heshima. Ni tunu yetu, siibezi. Fundi wa miaka 25 akimwona profesa anaingia kwenye chumba cha friza saa nne usiku, atasema shikamoo na kumfungulia mlango. Akimwuliza anafanya nini, ataonekana hana adabu. Akienda kumripoti, ataitwa mchongezi, na mwaka wa tathmini yake unakuja. Kuongeza mabango ya "toa taarifa" ukutani hakutamsaidia. Kinachomsaidia ni kanuni isemayo kwamba friza ile haifunguki bila watu wawili na saini mbili, awe profesa, awe mkurugenzi. Hapo kijana hamwulizi mkubwa wake lolote. Kanuni imekwisha kuuliza.

6. Mipaka ya ufuatiliaji

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakutuagiza tuchome nguo. Kabla ya Ivins, macho ya Marekani yalikuwa kwa Steven Hatfill, daktari aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ile ile. Agosti 2002 Mwanasheria Mkuu John Ashcroft alimtaja hadharani kuwa mtu anayefuatiliwa. Alipoteza kazi, akaandamwa kila alikokwenda, na mwaka 2008 serikali ikakubali kumlipa dola milioni 5.8 na kumsafisha. Kwa hiyo tetesi si ushahidi, na jina la mtumishi lisitoke nje ya chumba cha mashauri kabla ya jambo kuthibitika.

Mpaka wa pili ni afya ya akili. Msongo wa mawazo, msiba, talaka au madeni havimgeuzi mtu kuwa mhalifu. Tukimwadhibu kila anayekiri kuwa ameelemewa, kesho hakuna atakayekiri, na tutabaki na watu wagonjwa wanaojificha ndani ya vyumba vya hatari. Mwaka 2009 bodi ya ushauri ya kisayansi ya Marekani kuhusu ulinzi wa kibaiolojia iliitahadharisha serikali isianzishe mpango mmoja mzito wa taifa, ikapendelea kujenga wajibu ndani ya taasisi. Kanuni zilizotoka mwaka 2012 zilichukua njia ya kati: kwa vimelea vya daraja la juu, taasisi yenyewe humtathmini mtumishi kabla ya kumpa ruhusa ya kuvifikia, huendelea kumtathmini akiwa kazini, na huweka utaratibu wa mtu kujiripoti au kuripoti wenzake.

7. Mapendekezo

(a) Tuanze na rejista. Kila friza ihesabiwe kwa vipindi vilivyopangwa na watu wawili, mmoja akiwa wa kitengo kingine. Sampuli isiyo na mwenyewe wala sababu ya kuhifadhiwa iteketezwe kwa hati.

(b) Upekuzi ufungamanishwe na ruhusa ya kufikia vimelea, usiishie kwenye ajira. Urudiwe kila baada ya miaka michache, na uwahusu watumishi wa miradi, wageni, wanafunzi na mafundi wa mitambo.

(c) Kanuni ya watu wawili itumike kwenye akiba ya vimelea hatari. Kuilazimisha kwa kila kipimo, katika maabara yenye watumishi watatu, ni kuiua siku ya kwanza.

(d) Ateuliwe mtu mmoja mwenye dhamana ya kupokea na kuunganisha taarifa za mlango, nidhamu, rejista na afya kwa kiasi sheria inavyoruhusu. Asiwe mkuu wa kitengo husika, na awe na haki ya kumfikia mkurugenzi moja kwa moja.

(e) Mtumishi aliyeelemewa apumzishwe kuingia chumba cha hatari kwa muda, mshahara na cheo vikibaki pale pale, na arejee kwa utaratibu unaojulikana. Sababu ibaki siri.

(f) Anayeondoka akabidhi kadi, ufunguo, nywila na orodha ya sampuli zake kabla ya kulipwa stahili za mwisho, na stahili hizo zilipwe kwa wakati.

Fedha nyingi hazihitajiki kwa mengi ya haya. Yanayodai gharama ya kweli ni (d) na (e), kwa sababu yanamtaka mkuu wa taasisi akubali kuulizwa na kumlinda aliye chini yake.

8. Maswali ya majadiliano ya vikundi

1. Katika maabara yako, nani anaweza kufungua friza ya akiba peke yake usiku huu, na kesho asubuhi ungejuaje?
2. Mtumishi wa mradi uliofungwa mwaka jana alirudisha nini, na kwa nani?
3. Fundi mdogo akiwa na wasiwasi kuhusu mkuu wa kitengo, ataupeleka wapi bila kupita kwa mkuu huyo?
4. Sheria na kanuni zetu za utumishi zinaruhusu pendekezo (e) kama zilivyo, au zinahitaji waraka mpya?

Naomba kila kikundi kijibu swali la kwanza kwa maandishi, kikitaja vyeo bila majina ya watu.