Nahodha Hartenstein na Watu wa Meli ya Laconia



Katika vita kuu ya pili, tangu 1939 hata 1945, Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyozoea kuwaita, walikuwa na nyambizi nyingi, yaani meli za vita ziendazo chini ya maji. Kazi yao ilikuwa kuzivizia meli za Waingereza na rafiki zao na kuzizamisha. Wako manahodha wa nyambizi waliozamisha meli nyingi kuliko huyu nitakayewaelezeni. Nimemchagua Werner Hartenstein kwa sababu mambo yaliyompata kwa siku nne tu, mwezi wa Septemba 1942, yaligeuza desturi ya baharini kwa muda wote wa vita uliobaki.

Hartenstein alizaliwa mjini Plauen mwaka 1908, akaingia jeshi la wanamaji mwaka 1928. Kwanza alitumika katika manowari ndogo za juu ya maji. Ndipo mwaka 1941 akahamia nyambizi, na mwezi wa Septemba mwaka huo akakabidhiwa nyambizi mpya iliyoitwa U-156. Urefu wake ulikuwa kama meta 76, na ndani yake walikaa watu hamsini hivi. Atakaye kujua maisha yao na afikirie bomba la chuma lililojaa mitambo, hewa nzito ya mafuta, na kitanda kimoja kulaliwa na watu wawili kwa zamu.

Jina lake lilijulikana kwanza usiku wa tarehe 16 Februari 1942, katika kisiwa cha Aruba, karibu na Amerika ya Kusini. Hapo palikuwa na mtambo mkubwa wa kusafishia mafuta yaliyotumiwa na ndege za Waingereza na Wamarekani. Alipiga kwa topido meli zilizochukua mafuta, bahari ikawaka moto. Kisha akaamuru mzinga wa nyambizi uupige mtambo wenyewe. Lakini wapiga mzinga walisahau kutoa kizibo kinachozuia maji mdomoni mwa mzinga. Mzinga ukapasuka, askari mmoja akafa, na afisa aliyewasimamia akapoteza mguu. Nahodha mwingine angalirudi nyumbani. Huyu aliwaambia watu wake waukate kwa misumeno ule mdomo ulioharibika, na kwa mzinga huo mfupi akaendelea na kazi yake. Kwa jumla alizamisha meli 20, ambazo tani zake zilizidi 97,000. Nayasema haya mapema ili mtu yeyote asidhani ya kuwa namleta kwenu mtu mpole.

Usiku wa tarehe 12 Septemba 1942 alikuwa katika bahari ya Atlantiki, kati ya Liberia na kisiwa cha Ascension. Akaona meli kubwa inakwenda bila taa. Hii ilikuwa Laconia, meli ya Waingereza ya tani 19,695, iliyotoka Suez ikapitia Mombasa, Durban na Cape Town. Ilikuwa na mizinga na ilichukua askari, na kwa sheria ya vita kuipiga hakukuwa kosa. Akaipiga kwa topido, ikaanza kuzama.

Ndipo aliposikia watu wanalia majini kwa Kitaliano, na Wataliano wakati ule walikuwa rafiki za Wajerumani. Mlikuwamo watu zaidi ya 2,700 katika meli ile, na 1,800 hivi walikuwa mateka wa Kitaliano waliokamatwa vitani Afrika ya Kaskazini. Sisi Kenya twawafahamu mateka wa namna hiyo, maana wengine waliletwa kwetu, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 kando ya barabara ya Bonde la Ufa lingalipo. Wale wa Laconia walikuwa wamefungiwa chini, na wengi walikufa nyuma ya milango ambayo haikufunguliwa. Walikuwamo pia askari wa Kipolandi waliowalinda, na Waingereza, pamoja na wanawake na watoto.

Hartenstein akaanza kuwaopoa watu. Kwanza Wataliano, lakini gizani mtu anayezama haulizwi kabila lake, akawatoa na Waingereza pia. Hata asubuhi alikuwa na watu karibu 200, wengine ndani na wengine juu ya nyambizi, akawapa supu na kuwafunga majeraha. Halafu akafanya jambo ambalo nahodha wa vita hafanyi. Akapeleka habari kwa simu ya upepo, kwa Kiingereza kitupu pasipo maneno ya siri, akitaja mahali alipo, na kuahidi ya kuwa meli yoyote itakayokuja kuokoa watu hataipiga, maadamu yeye mwenyewe hakupigwa. Mimi kazi yangu ni kufasiri, na katika maneno hayo sioni fumbo lolote. Lakini Waingereza waliyoyapata huko Freetown walidhani ni mtego. Siwalaumu sana, kwa kuwa katika vita hila ni nyingi.

Mkubwa wake, Karl Dönitz, alimpelekea nyambizi nyingine mbili za Kijerumani, na Wataliano wakatuma yao moja. Manowari za Wafaransa nazo zikatumwa.

Tarehe 16 U-156 ilikuwa ikivuta mashua nne zilizojaa watu, na juu yake imetandazwa bendera kubwa ya Msalaba Mwekundu. Ikaja ndege ya Wamarekani kutoka Ascension. Afisa mmoja wa Kiingereza aliyeokolewa akaiashiria kwa taa, akisema wamo wanawake na watoto. Rubani akajitenga kando, akauliza kituoni kwake afanye nini, akajibiwa aizamishe nyambizi. Ndege ikarudi, ikaangusha mabomu, na bomu moja likaanguka katikati ya mashua. Hartenstein akakata kamba, akawatoa wageni wake majini na mashuani, akazama chini pamoja na nyambizi yake iliyoumia. Hakuirudishia ndege ile risasi hata moja.

Wafaransa wakafika siku iliyofuata na kuokota wengi, na watu kama 1,100 wakapona. Waliokufa walipita 1,600. Mashua moja iliyokosekana ilifika pwani ya Liberia baada ya siku 27. Katika watu 68 walikuwa wamebaki 16.

Tarehe 17 Septemba, Dönitz aliwaandikia manahodha wake wote ya kwamba tangu siku hiyo wasiokoe watu wa meli waliyoizamisha, wasiwape chakula wala maji, wala wasiinue mashua iliyopinduka. Siku iyo hiyo Hartenstein akapewa nishani kubwa ya ushujaa. Amri ile ilisomwa mbele ya mahakama ya Nuremberg baada ya vita. Majaji wakasema si hakika ya kuwa iliamuru watu wauawe, ila iliwastahili kulaumiwa walioitoa. Mwaka 1946 Dönitz alipewa kifungo cha miaka kumi kwa makosa mengine. Juu ya vita vya nyambizi hakuongezewa adhabu, kwa maana mkuu wa wanamaji wa Marekani, Nimitz, alishuhudia ya kuwa nyambizi zao huko Pasifiki nazo hazikuwa na desturi ya kuokoa. Waliotoa amri ya mabomu ya Ascension hawakushtakiwa na mtu.

Na Hartenstein je? Siku tatu baada ya mabomu yale alikuwa amekwisha zamisha meli nyingine ya Waingereza. Tarehe 8 Machi 1943 ndege ya Wamarekani iliikuta U-156 mashariki ya Barbados, ikaipasua. Marubani wakaona watu wachache wanaogelea katika mafuta, wakawaangushia mashua za mpira na chakula, na watano wakaonekana wanapanda. Manowari ya Marekani ikatumwa kuwatafuta, ikazunguka siku kadha wa kadha, isione mtu.