Pima Maji Kwanza, Mfereji Baadaye

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Mbulu na Hanang)



Leo nataka tuzungumze juu ya kilimo cha kumwagilia. Sisi wa Mbulu na Hanang tunaijua mvua yetu. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma mwezi wa Mei. Baada ya hapo jua linawaka mpaka mwaka unakaribia kwisha. Mwaka ambao mvua inakatika Februari, mahindi yanakauka yakiwa yamebeba. Kwa hiyo katika mikutano yetu ya vijiji husikika sauti ikisema: "Jamani, mto huo hapo. Tuchimbe mfereji!"

Ni wazo zuri. Wenzetu wa Bashay na Dongobesh wanamwagilia na wanavuna. Lakini kabla ya kushika majembe, tujiulize maswali matatu. Je, maji yanatosha? Je, ardhi inafaa? Je, ardhi hiyo ni ya nani? Tukishindwa kujibu hata moja, tutatoa jasho bure.

MAJI YANATOSHA?

Watu wengi huutazama mto mwezi wa Aprili. Umejaa, unanguruma. Wanasema, "Maji haya hayatakwisha." Hilo ni kosa. Maji ya Aprili hayatusaidii, maana wakati huo hata mvua ipo. Mto upimwe mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati wa kiangazi kikali. Maji utakayoyaona hapo ndiyo mali yako ya kweli.

Sasa tunapimaje? Kama ni kijito kidogo au chemchemi, kinga maji yote kwa ndoo ya lita 20. Mwenzako ashike saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 4, gawanya 20 kwa 4. Unapata lita 5 kwa kila sekunde. Andika katika daftari.

Kama ni mto mkubwa kidogo, fanya hivi. Tafuta mahali ambapo mto umenyooka. Pima hatua za mita 10 kando ya mto, weka kijiti hapa na kijiti pale. Pima upana wa maji. Pima kina mahali patatu au panne, kisha tafuta wastani. Halafu tupa gunzi la hindi katikati ya maji, uhesabu sekunde toka kijiti cha kwanza mpaka cha pili. Rudia mara tatu.

Tuseme upana ni mita 1. Kina ni sentimita 20, yaani mita 0.2. Gunzi limekwenda mita 10 kwa sekunde 25. Basi mwendo wake ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha: 1 mara 0.2 mara 0.4. Unapata 0.08, nayo ni sawa na lita 80 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko maji ya chini yanayosuguana na mawe. Kwa hiyo punguza robo. Zinabaki lita 60.

Je, lita 60 zote ni zetu? Hapana! Chini ya mto wako watu. Wako ng'ombe wa wafugaji. Wako samaki na miti ya kando ya mto. Tuache nusu ipite. Zinabaki lita 30 kwa sekunde.

Sasa hebu tuangalie shamba linakunywa kiasi gani. Siku ya jua kali, mmea hupoteza maji kiasi cha milimita 5. Kwa eka moja hizo ni lita 20,000 hivi, yaani ndoo elfu moja kwa siku! Tena mfereji wa udongo hunywa maji njiani. Nusu inaweza kupotea kabla haijafika shambani. Kwa hiyo ili eka moja ipate ndoo elfu moja, ni lazima tutoe mtoni ndoo elfu mbili.

Kwa hesabu hiyo, lita 1 kwa sekunde, ikitiririka usiku na mchana, inatosha eka 2 tu. Ishike kanuni hiyo kichwani. Lita zetu 30 zitatosha eka 60. Na kama tunamwagilia mchana tu, usiku tunalala na maji yanapita bure, basi ni eka 30.

Haya, sasa fikiria kijiji ambacho watu 200 wamejiandikisha, kila mmoja akitegemea eka moja. Maji yapo ya eka 30 au 60. Kijiji hicho kikichimba mfereji bila kupima, nini kitatokea? Wa mwanzo wa mfereji watavuna, wa mwisho watapata matope. Mwaka wa kwanza watanuniana, mwaka wa pili watashikiana mapanga usiku kwenye mgawanyo wa maji. Jambo lililoanza kuwa la maendeleo litakuwa la uadui. Afadhali ugomvi wa hesabu mkutanoni kuliko ugomvi wa panga shambani.

Tufanyeje basi? Tuache? La. Ziko njia. Kila mmoja apate robo eka ya vitunguu au mboga badala ya eka nzima. Tuchimbe bwawa dogo la kutunza maji ya usiku. Tujengee mfereji kwa saruji pale unapovuja. Mahali pengine linafaa bwawa la kukinga maji ya mvua, kama lile la Dongobesh. Lakini bwawa nalo hujaa mchanga kama milima ya juu yake imelimwa ovyo. Anayetaka bwawa aanze kupanda majani na kukinga maji huko juu.

ARDHI INAFAA?

Swali la pili ni ardhi. Kwanza tazama mwinuko. Maji hayapandi kilima. Shamba liwe chini ya banio, lakini lisiwe kwenye mteremko mkali, maana maji yatabeba udongo wote. Wazee wa Kiiraqw wa kule Mama Isara walilima milimani kwa kukinga udongo kwa vizazi vingi. Waulizeni, wana elimu.

Pili, chimba shimo la kina cha mita moja. Chukua udongo, ulowanishe, ufinyange mkononi. Ukimomonyoka kama mchanga, utakunywa maji mengi na kuyapoteza. Ukifinyangika kama wa chungu, ni mfinyanzi. Huo hushika maji, lakini yakizidi mizizi huoza. Udongo wa katikati ndio mzuri.

Tatu, angalia chumvi. Sisi tunakaa katika bonde ambalo mito yake haifiki baharini. Maji yake huishia katika maziwa kama Eyasi na Balangida, yakaacha chumvi na magadi. Ukiona unga mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, simama. Ukimwagilia hapo bila njia ya kutoa maji machafu, chumvi itapanda juu na shamba litakufa. Chukua udongo kidogo na chupa ya maji, mpelekee afisa kilimo, aombe upimwe.

Nne, ogopa makorongo. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya Mlima Hanang. Matope, mawe na magogo yalishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Msiba ule utufundishe. Korongo lililo kavu leo ni njia ya maji kesho. Tusijenge banio, ghala wala nyumba ndani ya njia hiyo. Waulizeni wazee maji yalifika wapi miaka ya mafuriko.

ARDHI NI YA NANI?

Hili ndilo swali zito. Mtu anatazama bonde la majani anasema, "Pako wazi, hapana mtu." Ndugu zangu, ardhi iliyo wazi si ardhi isiyo na mwenyewe. Mwezi huu hapana mtu, mwezi wa Agosti ng'ombe wote wa kata wanakuja hapo kunywa na kulisha.

Tukumbuke mambo ya Basotu. Toka miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang na Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yaliingia katika malisho bora ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Kijiji hakikuweza kuonyesha kuwa ardhi ile kiligawiwa kisheria. Watu waliijua ardhi yao kwa miguu, lakini haikuwako katika karatasi.

Sasa tazama habari nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua hati ya kimila. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao. Mnaona tofauti? Karatasi imesema pale ambapo zamani mdomo ulishindwa.

Kwa hiyo kabla ya mfereji, mkutano mkuu wa kijiji ukae. Wakulima wawepo, wafugaji wawepo, wanawake wawepo na waseme. Tukubaliane: hapa shamba, hapa malisho, hapa njia ya ng'ombe kwenda majini. Majina ya watakaopata viwanja yaandikwe, ya akina mama yakiwemo. Mama ndiye anayepalilia kitunguu, asiishie kuwa kibarua katika shamba la mumewe.

Na maji nayo yana sheria. Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji. Kwetu huku kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 toka mtoni. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji nayo ina wataalamu. Ombeni waje, lakini waje wakute daftari lenu tayari.

KALAMU NI JEMBE

Ndugu wahitimu, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mlijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo mmeona kazi ya hesabu ile. Chagueni watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Wapime mto kila wiki, kuanzia Agosti mpaka mvua itakaponyesha. Waandike tarehe, upana, kina na sekunde. Wafanye hivyo miaka miwili au mitatu, maana kiangazi kimoja si sawa na kingine.

Siku mtaalamu atakapokuja kusema "maji yapo", mtamfungulia daftari. Na mtu akitaka kuchukua mto mzima kwa shamba lake huko juu, mtamfungulia daftari hilo hilo.

Mto hausemi uongo, ila haujui kusema. Ninyi mnaojua kuandika mwandikieni ushahidi wake.

Na sasa, nani ana saa na nani ana gunzi la hindi? Twendeni mtoni.